Kona Niliyoilaza Chini ya Gari la Mbao

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rula mbili nikaulizwa ni ipi inadanganya. Hakuna salamu, hakuna karibu. Aliyenipa alikuwa Fomani wa Pateni katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha chuma kule Thika, mtu mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na penseli nyuma ya kila sikio. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu magharibi juzi tu. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo ukiona mahali nimekosea kuandika, sahihisha mwenyewe uendelee.

Niliziweka zile rula sambamba mezani. Moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kidogo sana, kama unene wa kucha, na zote zimeandikwa futi moja.

"Hii ndefu ni mbovu," nikasema.

"Haiya! Mbovu?" Fomani alicheka mpaka penseli moja ikaanguka. "Hiyo mbovu ndiyo itakulisha wewe na watoto wako."

Nyinyi vijana wa siku hizi mnaona pampu ya maji ama kifuniko cha gia, hamjiulizi kilizaliwaje. Kwanza kilikuwa mbao. Kuna mtu alikaa na randa na patasi akachonga umbo lake, hiyo ndiyo pateni. Pateni inazikwa kwa mchanga wenye unyevu, mchanga unashindiliwa, kisha pateni inachomolewa polepole na kuacha shimo lenye sura yake. Humo ndani ndimo chuma kilichoyeyuka kinamwagwa. Chuma kikipoa kinasinyaa, kwa hivyo pateni lazima iwe kubwa kidogo kuliko kitu chenyewe. Ndiyo maana ya ile rula ndefu, tuliiita rula ya kusinyaa. Inchi yake si inchi ya fundi wa makabati.

Baada ya rula akanipeleka kwa sanduku la mchanga. Akachukua kipande cha mbao cha mraba, kona kali kama za sabuni mpya, akakizika, akaniambia, "Chomoa." Nikachomoa. Kuta zote za mchanga zikabomoka. Akanipa kingine, hiki ubavu wake umelala kidogo, kona za ndani zimelainishwa. Nikachomoa, shimo likabaki zuri kama la yai.

"Umeona, Makokha? Kila ukuta uupe mteremko. Kila kona ya ndani uilaze. Ukiona mahali mchanga utasimama wima na kukwama, laza. Mwenye mchoro akisahau kuonyesha mteremko, wewe usisahau. Yeye anachora, wewe ndiye unachomoa."

Maneno hayo yashikeni, tutayarudia.

Nilikaa chini ya Fomani miaka mingi sana. Alikuwa mkali, lakini mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, Fomani ndiye alinichongea kitanda cha mtoto kwa mbao ya jakaranda, na hata hicho kitanda kilikuwa na mteremko kila upande. Mke wangu alishangaa, "Hiki kitanda ni kama sufuria." Tulilaza watoto wanne humo, na bado kipo. Fomani alipostaafu aliniachia ile rula ndefu. Aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya meza yangu, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Kisha pateni zikaanza kuchongwa na mashine, na vitu vingi vikawa vinakuja tayari kutoka ng'ambo. Sehemu yetu ikafungwa. Nikahamia Ruiru, kwa karakana ya kutengeneza mashine za kahawa, chini ya Injinia Mkuu. Huyo alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo wa pamba. Kazi yangu kwake ilikuwa kidogo ya kila kitu: kreti, vipini, milango. Tulipanga nyumba Gitothua, hapo hapo Ruiru, na mpaka leo ndipo ninapoishi, karibu na kanisa ambapo nimekuwa mzee wa benchi la nyuma. Kusema ukweli, miaka ya Ruiru sikujivunia. Mikono yangu ilikuwa inajua jambo ambalo hakuna mtu aliyelihitaji. Ningechonga hata kipini cha jembe nikajikuta nimekipa mteremko, Injinia Mkuu anapiga kelele, "Wee Makokha, hicho utakizika wapi?"

Alistaafu akaanza kufuga kuku. Mshikeni huyo pia, kuku wake wanakuja.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa chuo kimoja cha ufundi kule Thika, nimeandikwa fundi wa karakana. Bosi wangu aliitwa Mkuu wa Karakana, injinia wa rika la mwanangu wa kwanza, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, na thamosi ya uji ambayo hakuiacha hata akienda kwa mkutano. Siku moja akaja na mchoro.

"Mzee Makokha, wanafunzi wanajenga gari la mashindano. La kiti kimoja, la mbio za barabara ya vumbi. Nataka tujue upepo utalifanyia nini kabla halijatoka hapa. Unaweza kunichongea gari dogo la mbao, moja kwa tano?"

Moja kwa tano maana yake ni kwamba kila kitu kinagawanywa mara tano. Gari la hatua tatu linakuwa la kubebwa kwapani. Nilimwambia naweza kabla hajamaliza kuuliza. Nilikuwa na furaha, wacheni tu. Mtu aliyekaa miaka na lugha ambayo hakuna wa kuongea naye, halafu mgeni anabisha hodi na kumsalimu kwa lugha hiyo hiyo.

Tulijenga sanduku la upepo kwa plaiwudi, refu kama vitanda viwili vimefuatana, na dirisha la kioo ubavuni. Ng'ambo kwenye pesa, chombo kama hicho ni nyumba nzima. Sisi tulihitaji feni kubwa, nikamkumbuka Injinia Mkuu na kuku wake. Alitupatia feni ya banda, moja aliyokuwa hatumii, akatuambia imesafishwa. Siku ya kuiwasha, Mkuu wa Karakana alikuwa amesimama nyuma yake akieleza wanafunzi, na yale manyoya yote ya kuku yaliyokuwa yamejificha kwa mota yakatoka kwa pamoja. Shati likawa jogoo. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipotoa unyoya kwa uji wake na kusema, "Angalau tunajua upepo unatoka upande gani."

Na hapo mjue jambo: feni tuliiweka nyuma, ivute, isipulize. Ikipuliza, upepo unakuja umejisokota. Ikivuta, unakuja umetulia. Mbele tukapanga mirija ya karatasi ngumu, ile uzi huzungushiwa viwandani, mamia imelala kama sega la nyuki, ili upepo ukipita unyooke. Gari la mbao lilisimama juu ya kijiti kilichopita sakafuni mpaka kwa mizani ya kupimia unga wa keki, ya mke wa Mkuu wa Karakana. Upepo ukibonyeza gari chini, namba inapanda. Ukiliinua, namba inashuka. Mizani nyingine, kwa kamba na kapi ndogo, ilipima jinsi upepo unavyolivuta nyuma. Mwilini tukabandika nyuzi fupi za sufu. Uzi ukilala, upepo unapita vizuri hapo. Ukicheza kama mtoto aliyeumwa na siafu, upepo umevurugika. Puani mwa gari tukagandisha punje za mchanga, kwa sababu Mkuu alisema upepo hupita juu ya kitu kidogo kwa uvivu, kama uji mzito, na zile punje zinauamsha ufanye kama kwa gari kubwa. Hiyo sikuielewa mara ya kwanza. Ya tatu nilielewa.

Gari la mbao nililichonga wiki mbili, jakaranda tupu, msasa mpaka ukilishika mkono unateleza. Na matokeo yalikuwa mazuri. Mkia ulibonyezwa chini, nyuzi zote zimelala. Mkuu alitembea karakana nzima na ile karatasi ya namba. "Mkono wa Mzee Makokha haukosei," akawaambia wanafunzi. Nami nikavimba.

Dereva alikuwa Nyokabi, msichana wa mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Gatuanyaga. Baba yake ana pikipiki ya bodaboda, na huyo mtoto alijifunza kuiendesha kwa zile barabara za vumbi kabla miguu haijafika chini vizuri. Aliniita guka, kama Wakikuyu wanavyomwita babu, na kwetu pia neno ni karibu hilo hilo, kwa hivyo lilinikaa. Wenzake walijenga gari lenyewe kwa mabati ya alumini wakifuata mchoro, na tukalipeleka huko kwao Gatuanyaga, kwa shamba la mjomba wake lenye njia ndefu iliyonyooka.

Nyokabi alikimbia nalo mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili, akarudi. Akavua helmeti.

"Mkuu, mkia unaelea. Nikifika speedi ile yenyewe, nyuma inakuwa nyepesi. Nikigusa breki inataka kunipita."

Mkuu akaangalia karatasi yake. "Sanduku linasema mkia unabonyezwa."

"Basi sanduku liingie liendeshe."

Wanafunzi wakapiga mayowe. Brayo, kijana mmoja mkubwa wa mwili ambaye siku zote alitaka hicho kiti, akasema, "Nyoks, sema tu umeshtuka. Ni ile mbuzi ilikuwa kando ya njia, si ndio?"

"Mbuzi ilikuwa inakuangalia wewe. Ilidhani ni ndugu yake amekuja."

Kicheko. Lakini Mkuu hakucheka. Akasema mtu akiogopa gari, gari linajua, na mashindano ni Jumamosi ijayo. Akasema namba haziogopi mtu. Akasema ataamua Ijumaa, na kama Nyokabi hana uhakika, Brayo ataendesha. Nyokabi alijibu kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejizuia. "Mkuu, si kwamba nataka kiti. Brayo ni mzito wa breki. Akifika kona ya kwanza mtamwokota."

Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya gari na kitambaa, nikipangusa. Ndiyo tabia yangu, kitu kikirudi lazima nikipanguse. Vumbi la huko ni jekundu, laini kama unga, na lilikuwa limelipaka gari lote utando mwembamba tu. Isipokuwa mahali pamoja. Chini ya tumbo, pale sakafu inapoishia na mkia unapoanza, palikuwa na kona ya mraba, kama ngazi imegeuzwa juu chini. Hapo vumbi lilikuwa limejazana, limekwama, unaweza kulichota na kijiko. Upepo ulikuwa unazunguka humo ndani na kuangusha mzigo wake. Nikaingiza kidole. Kikagonga ukuta.

Nikasimama. Nikafikiri: lakini kwa gari langu nyuzi za hapo zilikuwa zimelala.

Nilirudi karakana moja kwa moja. Kwanza nililaumu rula. Nikasema, Makokha, umechukua ile ya kusinyaa kwa mazoea. Nikapima gari la mbao urefu, upana, magurudumu. Sawa kabisa, rula ya kawaida nilitumia. Nikafurahi nusu dakika. Kisha nikaligeuza tumbo juu, nikafumba macho, nikapitisha kidole mpaka ile sehemu. Kidole hakikugonga kitu. Kilipanda polepole, polepole, kikatokea nyuma. Nikafungua mchoro. Mchoro ulionyesha ngazi, mraba, mstari mmoja umelala, mmoja umesimama wima. Mimi nilikuwa nimeilaza.

Sikumbuki nikiilaza. Hiyo ndiyo inayoniuma hata leo. Mikono iliona mahali mchanga ungekwama, ikalaza, haikuniuliza. Kitu ambacho hakitazikwa mchangani hata siku moja nilikipa mteremko wa kuchomolewa. Kwa hivyo sanduku lilikuwa likipima gari langu, na Nyokabi alikuwa akiendesha gari lingine.

Sasa niwaambie ukweli wote, maana nikiwaficha sina haja ya kuandika. Sikwenda kwa Mkuu siku hiyo. Wala kesho yake. Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu, na nilitaka niondoke na yale maneno kwamba mkono wangu haukosei. Niliwaza niiweke patasi pale, niirudishe kona mraba kimyakimya, niseme mizani ilikuwa imelegea. Nani angejua? Alhamisi Brayo akaja karakana kujaribu kiti kama kinamtosha. Magoti yake yaligusa usukani. Nyokabi alikuwa kwenye kona akikaza nati za gari ambalo hataendesha, na aliponiona akaniuliza, "Guka, umekula?" Hivyo tu. Mtu ananyang'anywa jasho lake, anauliza kama mzee amekula.

Ijumaa asubuhi nilimpata Mkuu akimimina uji. Nikaweka gari la mbao mbele yake, tumbo juu, na mchoro kando yake.

"Mkuu, msichana ana haki. Mwongo ni mimi."

Alipitisha kidole. Akapima kwa ile bevu yangu ya kupimia pembe. Akarudi kwa mchoro. Uji ukapoa.

"Mzee, hii umeifanya lini?"

"Siku ya kwanza ya kazi. Si hii. Ile ya kwanza kabisa."

Nikamweleza Fomani, mchanga, kuta zilizobomoka. Nilidhani atanifokea, na ningekubali. Yeye akauliza kitu ambacho mtu mwenye hasira hawezi kuuliza: "Una nta?"

Kwanza nikaukata ule mteremko kwa patasi mpaka kona ikawa mraba kama mchoro unavyotaka, tukawasha feni. Nyuzi za nyuma zikaanza kucheza kama zimeumwa na siafu. Namba kwa mizani ya mke wake ikaanza kushuka. Mkia ulikuwa unaelea. Tukaijaza kona nta, nikailaza tena, tukawasha. Namba ikapanda, nyuzi zikalala. Mkuu alirudia mara tatu, maana ndivyo alivyo, kisha akazima feni na kukaa juu ya ndoo.

"Makokha," akasema, bila mzee, bila nini, "mimi nilichora vibaya. Wewe ukanichongea vizuri bila kuniambia. Sijui nani amekosea zaidi."

"Tugawane, Mkuu."

Akawaita wanafunzi. Nilitaka aseme yeye, lakini akasimama kando akaniachia nafasi. Nikawaambia wote, Brayo akiwa hapo, kwamba gari la mbao halikuwa mchoro, na kwamba Nyokabi alisema kweli kuanzia siku ya kwanza. Mkuu akachukua helmeti mezani, akaipangusa vumbi na mkono wa lile shati lake la pasi, akampa Nyokabi.

"Samahani, Nyokabi. Nilisikiliza sanduku kuliko wewe."

"Sasa sanduku linasemaje?"

"Linasema vile ulisema."

Brayo ndiye aliyenishangaza. Alivua shati akasema, "Wacha maneno, nani ana bati?" Siku nzima walikata alumini, wakaikunja kufuata tumbo la gari langu, mimi nikiwashikia kiolezo. Kona ya mraba ikazibwa. Kabla ya giza tulikuwa Gatuanyaga. Nyokabi akakimbia, na vumbi, wacheni niwaambie, vumbi halikujikunja tena nyuma ya gari. Lilitoka chini limelala, likanyooka kama shuka inapotandikwa. Alirudi, akainua kidole gumba, na mimi nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Mtataka kujua kama walishinda. Hawakushinda. Gia ilikataa mzunguko wa mwisho wakawa wa nne. Lakini kona ya kwanza aliipita mguu ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini, na mjomba wake alipiga kelele mpaka sauti ikakauka wiki moja.

Nilistaafu miezi hiyo ikiisha. Walinipa blanketi na gari la mbao, na Mkuu kwa hotuba yake hakusema mkono wangu haukosei. Alisema, "Huyu ni mtu aliyekuja mwenyewe." Nimeyapima hayo maneno mawili kwa mizani yangu, hilo la pili ni zito zaidi.

Sasa niko hapa Gitothua. Mke wangu ananisumbua nitengenezee kuku nyumba, nimemwambia nitatengeneza, amesema isiwe na mteremko, mayai yatabiringika. Mnaniuliza kazi ilinifundisha nini. Kwamba mikono ikizoea, inaacha kukuuliza. Hiyo ni nzuri, ndiyo inaitwa ufundi. Lakini mara moja moja fumba macho uishike kazi yako kama ya mtu mwingine, uone mikono imefanya nini ukiwa hujui.

Mwezi uliopita Nyokabi alikuja. Sasa ni injinia, na anasaidia wanafunzi wa chuo kile kile na gari jipya. Alileta mkate, sukari, na mchoro umekunjwa ndani ya gazeti.

"Guka, tunataka moja kwa tano."

Nikavaa miwani, nikaangalia. Kuna kona mbili tatu hapo chini ambazo, kusema ukweli, zilinikera. Nikamuuliza, "Nifuate karatasi ama nifuate mkono?"

Alifikiri, akikata mkate.

"Tengeneza mbili. Ya kwanza fuata karatasi, kona zote, hata zikikukera. Ya pili fanya vile mkono unataka. Tutaziweka zote kwa sanduku."

Ya karatasi niliimaliza jana. Kona zake ni kali, mjukuu amejikwaruza. Ilinichukua muda mrefu kuliko gari lolote, kwa sababu kila nikifika pale chini nilikuwa naushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ya pili bado ni gogo la jakaranda kwenye benchi. Leo asubuhi nimeitoa ile rula ndefu ya Fomani ukutani, nikaipangusa, nikaiweka kando ya hilo gogo. Si ya kupimia. Ni ili Fomani aone.